Manjanja yanalia jioni: uzi juu ya joto, halijoto na kutanuka kwa vitu

mwalimu_wa_Ndosho

Jambo sana bandugu. Juzi hapa kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, Kongo, jua liliwaka tangu asubuhi. Saa kumi na moja jioni wingu likashuka kutoka upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, upepo wa baridi ukaingia uani. Mvua ilikuwa haijadondosha hata tone, manjanja, yaani mabati ya paa, yakaanza: ta! ... ta-ta! ... kaa! Binti yangu wa miaka tisa akanijia mbio. "Papa, kuna mtu anatembea juu ya nyumba."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilimpakata nikamweleza, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nawafikiria wanafunzi wangu. Wanaandika fomula ya kutanuka ubaoni, kwa Kifaransa, bila kukosea hata herufi, na wengi wao hawajui kwamba ni fomula hiyohiyo inayopiga kelele juu ya vitanda vyao. Ndiyo maana nafungua uzi huu kwa Kiswahili. Aliye na swali aulize, hata kama anaona ni dogo.

Nianze na maneno, maana hapo ndipo tunapopotea. Kifaransa cha darasani kina neno la joto na neno la halijoto. Nyumbani sisi tunasema "moto" basi. Maji ni ya moto, jua ni moto, mtoto mwenye homa mwili wake ni moto. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili.

Halijoto inatuambia chembe za kitu zinatikisika kwa nguvu kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini. Ya kwanza tunaipima kwa digrii, la pili kwa jouli.

Pita Birere mahali wanapokata vyuma kwa mashine. Cheche zinarukia mkono wa fundi naye wala hautoi. Cheche ile ina halijoto inayopita digrii 1,000! Lakini ni punje ya chuma ya kama miligramu moja, na ikipoa juu ya ngozi inatoa karibu nusu jouli tu. (Macho ni habari nyingine, vaeni miwani.) Sasa chukua kikombe cha chai, robo lita, digrii 90. Kikipoa hadi digrii 30 kinatoa jouli zaidi ya 60,000. Mtoto akimwagikiwa na chai hiyo tunakimbia hospitali usiku. Cheche ina halijoto kubwa na joto dogo. Chai ni kinyume chake.

Turudi juu ya nyumba. Chembe za chuma zikitikisika zaidi, kila moja inamsukuma jirani yake pembeni kidogo. Ni kama watu kwenye harusi: wakikaa wanaenea kwenye benchi, ngoma ikianza ukumbi hauwatoshi. Kwa chuma cha manjanja, kila mita moja inaongezeka milimita 0.012 kwa kila digrii moja. Usiku wa Goma unaweza kushuka hadi digrii 15 hivi, na bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kufika 55. Tofauti ni 40. Bati la mita 3 basi: 3 × 40 × 0.012, unapata milimita 1.44.

Utasema ni kidogo. Lakini msumari haukubali hata hicho kidogo, wala mbao, wala bati la jirani lililolaliwa. Wingu likifika, bati linataka kurudi kwenye urefu wake wa asubuhi. Msuguano unalishika. Linavuta, linavuta, halafu ghafla linachomoka sehemu ndogo kuliko unywele: ta! Linashikwa tena, linachomoka tena. Huyo ndiye mtu anayetembea juu ya nyumba.

fundi_wa_manjanja

Mwalimu, naezeka nyumba tangu kabla ya volkano ya 2002. Kelele za jioni nazijua, na ulivyozieleza nimekubali. Ila kuna kitu kinanikataa. Kama chuma kinatanuka, basi tundu la msumari mchana linapaswa kuzibana, kwa sababu chuma kinaingia ndani ya tundu. Mbona nikifungua manjanja ya zamani nakuta matundu yamekuwa makubwa, na si ya mviringo tena, yamerefuka kama yai?

mwalimu_wa_Ndosho

Papa fundi, asante. Hili swali linawaangusha hata watu wenye diploma, na mimi lilishaniangusha nikiwa mwanafunzi.

Chukua bati zima lisilo na tundu. Chora duara juu yake kwa kalamu. Lipashe moto. Duara lako litakuwa kubwa au dogo? Kubwa, maana kila kipande cha bati kimetanuka, na kile kilicho ndani ya duara pia. Sasa fikiria kwamba kabla ya kulipasha uliikata ile sehemu ya ndani ukaitoa. Chuma kilichobaki pembeni hakijui kama katikati kuna kitu au hakuna kitu. Kitatanuka vilevile. Kwa hiyo tundu linapanuka, kwa kipimo kilekile ambacho kipande ulichokitoa kingepanuka.

Ukitaka ushahidi nenda kwa makanika. Beringi ikikataa kuingia kwenye ekseli, hawaigongi kwa nyundo. Wanaichemsha kwenye mafuta, tundu lake linapanuka, inateleza mahali pake, ikipoa inabana kama imezaliwa hapo. Kama tundu lingejiziba kwa moto, kazi hiyo isingewezekana.

Yale matundu ya yai yana sababu nyingine. Tundu la milimita nne linapanuka kwa sehemu ndogo mno, huwezi kuiona kwa jicho. Lakini bati zima linakwenda na kurudi juu ya msumari uliosimama. Mchana linakwenda, usiku linarudi. Kwa miaka kumi ni zaidi ya mara 3,600, bado hujahesabu siku ambazo wingu linapita mara tatu. Msumari unalisaga tundu kama kisu butu, kuelekea upande wa urefu wa bati, kwa sababu kitu kirefu ndicho kinachosogea zaidi. Ndiyo maana tundu linarefuka halipanuki sawasawa.

Hapa nasema kwa uchungu kidogo. Nyumba yangu iliezekwa na fundi aliyepigilia misumari kwenye mabonde ya manjanja, mahali maji yanapopita, na akaipiga mpaka bati likabonyea. Misimu miwili ya mvua tumelala na mabeseni katikati ya vitanda. Nilimlaumu kwa misumari mibaya. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba msumari ungekuwa wa dhahabu ungevujisha vilevile.

fundi_wa_manjanja

Hapo umenipata. Beringi nimeona kwa macho yangu wakiichemsha.

Kwa wanaojenga: msumari upige mgongoni mwa bati, si bondeni, na uweke mpira chini ya kichwa chake. Ukiona mpira umeanza kufinyika, acha nyundo. Mpira ndio unaolipa bati nafasi ya kwenda na kurudi. Tulifundishwa hivyo na wazee, sababu hawakutuambia.

mama_wa_maharage

Jambo mwalimu. Mimi napika chakula karibu na soko la Virunga. Maharage yananimalizia makala (makaa). Dada yangu yuko Uvira, anasema kwao yanaiva upesi kuliko huku kwetu. Mimi hapa Goma natoka jasho kupuliza babula (jiko la makala), moto unawaka vizuri, sufuria inatokota kweli, na maharage bado yako kama mawe. Ni maharage au ni maji?

mwalimu_wa_Ndosho

Mama, wala si maharage. Ni hewa iliyo juu ya sufuria.

Maji yanachemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, haisukumi sana. Kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye digrii 95 hivi. Uvira, chini kwenye ziwa Tanganyika, yanafika 97 na zaidi. Mombasa kwenye bahari yanafika 100. Maharage hayaangalii mapovu, yanaangalia digrii, na kwa digrii chache zinazopungua muda wa kuiva unarefuka. Jambo hili si jipya. Anders Celsius wa Uswidi, ambaye digrii zetu zina jina lake, aliliandika mwaka 1742: mahali pa kuchemka panategemea uzito wa hewa ya siku hiyo. (Kipimo chake cha kwanza kiliwekwa kichwa chini, 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Waliokuja nyuma yake ndio waliokigeuza.)

Sasa sikiliza habari ya makala, mama, maana hapa ndipo pesa yako inapopotelea.

Sufuria ya lita 5, maji ya digrii 20. Kuyafikisha 95 unahitaji jouli milioni 1.6 hivi. Yakishaanza kutokota, hata upulize babula mpaka majirani waje kuangalia, halijoto haiongezeki. Inakaa 95. Joto lote unaloongeza linafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke. Na kazi hiyo inakula sana: lita moja ikienda yote hewani imechukua jouli milioni 2.26. Yaani lita moja inayopotea juu ya sufuria imetumia nishati nyingi kuliko ile iliyochemsha lita zote tano. Joseph Black, daktari wa Scotland, aliliona jambo hili miaka ya 1760: joto linaingia, kipimajoto hakisogei.

Kwa hiyo loweka maharage usiku kucha. Washa moto mkali mpaka yatokote. Halafu punguza, funika, acha yatokote polepole. Maharage yaliyo kwenye mtokoto mdogo na yale yaliyo kwenye mtokoto wa kelele yako kwenye digrii zilezile. Ukipata sufuria ya presha ni bora zaidi, kwa sababu inaufungia mvuke ndani na maji yanapita digrii 110. Milima tunaishi juu yake, lakini ndani ya sufuria hiyo ni kama umeshuka chini ya bahari.

mama_wa_maharage

Kumbe makala yangu yalikuwa yanapika mvuke! Leo yakitokota nitafunika makala kwa majivu. Nitarudi kusema.

msukuma_chukudu

Mwalimu na mimi niulize. Saa kumi na moja alfajiri natoka Kibumba na mzigo. Nikishika usukani wa mbao wa chukudu, baiskeli yangu ya mbao ya mizigo, ni sawa, nikishika ile nondo niliyofunga kando, inauma kwa baridi. Zote zimelala nje usiku mmoja.

mwalimu_wa_Ndosho

Zote ziko kwenye halijoto moja, kaka. Mkono wako si kipimajoto. Mkono unahisi joto linakutoka upesi kiasi gani. Chuma kinalinyonya na kulipeleka mbali mara moja, mbao inalikataa. Funga kitambaa kwenye nondo hiyo.

muuza_mafuta_ya_bidoni

Na sisi wa esansi, yaani petroli? Asubuhi najaza bidoni (dumu) mpaka mdomoni, saa saba nakuta imevimba na imetoka jasho pembeni ya kifuniko. Wateja wanafikiri naongeza maji.

mwalimu_wa_Ndosho

Vitu vya maji vinatanuka kuliko vyuma, na esansi inatanuka kuliko maji, zaidi ya mara nne. Lita 20 zikipanda digrii 15 zinaongezeka karibu robo lita na zaidi kidogo. Robo lita hiyo haina pa kukaa kama umejaza mpaka mdomoni. Acha nafasi ya vidole vinne juu, weka kivulini, mbali na babula na sigara. Na mteja asikushuku: uzito wa esansi yako haukubadilika, ni ujazo tu.

mwanafunzi_Katindo

Mwalimu, mimi niko mwaka wa tano, sehemu ya sayansi. Tumefundishwa kwamba kitu kikipata joto kinatanuka, kinakuwa chepesi, kinapanda juu. Ndiyo maana maji ya juu kwenye sufuria yanakuwa ya moto. Lakini nimesoma kwamba ziwa Kivu lina joto zaidi chini kuliko katikati. Sasa mbona maji ya chini hayapandi? Au fomula imekosea?

Tena swali la pili. Mwaka 2021 lava ilifika Buhene, shamba la tantine likafunikwa. Wiki nyingi baadaye juu tulikuwa tunatembea kwa viatu, lakini mvua ikinyesha moshi ulitoka kwenye nyufa. Kwa nini haikupoa?

mwalimu_wa_Ndosho

Mdogo wangu, swali lako la kwanza limenifurahisha kuliko yote ya uzi huu. Hujakubali kanuni kwa sababu iko ubaoni, umeipeleka ziwani kuijaribu.

Umesoma sawa. Juu kabisa ziwa lina digrii 24 hivi. Ukishuka makumi ya mita linapoa kidogo, karibu 23. Halafu, badala ya kuendelea kupoa, linaanza kupata joto, na chini kabisa, karibu mita 480, linafika 26. Huko chini kuna chemchemi zenye moto wa volkano zinazoingia kimya.

Kanuni haijakosea. Lita moja ya maji safi ya digrii 26 kweli ni nyepesi kuliko lita ya digrii 23. Nyepesi kwa kiasi gani? Chini ya gramu moja. Sasa weka kwenye mzani kile ambacho chemchemi zimekileta: maji ya kilindi yana gramu kadhaa za chumvi katika kila lita, na juu yake hewa ya ukaa iliyoyeyuka humo, ambayo nayo inayaongezea uzito. Joto linavuta juu kwa gramu isiyotimia, chumvi na hewa ya ukaa vinavuta chini kwa gramu nyingi. Ugomvi umekwisha kabla haujaanza. Maji ya chini yanabaki chini, na yamebaki huko muda mrefu sana, pamoja na gesi yake yote. Sisi tunaovua sambaza juu, tunaooga pembeni, tunalala kando ya mzani huu kila usiku. Ndiyo maana nataka kila mtoto wa Goma ajue kuusoma.

Kwenye sufuria ya mama hakuna chumvi iliyopangwa kwa tabaka, kwa hiyo joto linashinda na maji yanazunguka. Fomula ni ileile. Kilichobadilika ni washindani.

Lava sasa. Ilitoka mlimani tarehe 22 Mei ikiwa na zaidi ya digrii 1,000. Inapokutana na hewa, ngozi yake ya juu inaganda upesi na kuwa nyeusi. Na mwamba haupitishi joto vizuri, chuma kinaushinda mara makumi. Kwa hiyo ile ngozi ukitembea juu yake inakuwa blanketi la kile kilicho chini. Kadiri linavyopoa ndivyo blanketi linavyokuwa nene, na joto la ndani linatoka kwa shida zaidi. Unene wa mita chache unatosha kuficha moto kwa miezi.

Nyufa ulizoziona ni ileile hadithi ya manjanja, kwa upande wa kinyume. Mwamba ukipoa unasinyaa. Juu umeshapoa unataka kuwa mfupi, chini bado una moto unakataa. Mwamba hauna mpira wa fundi wetu, hauwezi kunyumbuka, unapasuka. Ndipo mvua inapopata mlango, inashuka, inakutana na moto, inarudi mvuke. Hata glasi nene inayopasuka ukiimwagia chai ya moto ni jambo hilohilo: ndani imetanuka, nje haijapata habari. Glasi nyembamba inapona kwa sababu habari inafika upesi.

Yale mawe meusi ya ua wako, yaangalie vizuri kesho.

mama_wa_maharage

Nimerudi kama nilivyoahidi. Gunia ambalo linaniisha siku nane bado lina kitu, na leo ni siku ya kumi na moja. Maharage yameiva saa ileile.

fundi_wa_manjanja

Mwalimu, hiyo milimita 1.44 nataka kuiona. Kuhesabu nimekubali, lakini jicho langu bado.

mwalimu_wa_Ndosho

Papa fundi, Jumapili nimefanya. Nilichukua bati moja la mita 3 lililobaki, nikalilaza uani juu ya mbao. Upande mmoja nikauegemeza kwenye ukuta na kuukandamiza kwa jiwe zito ili usirudi. Upande wa pili nikauacha huru, lakini chini yake nikaweka kipande cha kioo, na juu ya kioo sindano ya kushonea yenye unene wa milimita 1 hivi, imelala kwa kukata urefu wa bati. Jiwe dogo juu ili bati liigandamize sindano. Kwenye ncha ya sindano iliyotokeza pembeni binti yangu akachomeka mrija wa soda, ukasimama wima kama mshale wa saa.

Hesabu inasema hivi: bati likisogea milimita 1.5 juu ya sindano nyembamba namna hiyo, sindano inabiringika karibu robo ya mzunguko. Jicho halioni milimita moja na nusu, lakini robo ya mzunguko wa mrija hata mtoto anaiona.

Saa kumi na mbili asubuhi bati lilikuwa digrii 16, mrija umesimama. Kufikia saa nne umeinama kama mtu anayesikiliza. Saa saba, digrii 57, ulikuwa umelala kabisa, unaelekea kwenye ua. Binti yangu hakutaka kwenda kula. Alikaa pale mpaka saa kumi, wingu likashuka kutoka mlimani kama siku ile, manjanja ya nyumba yakaanza ta! ta-ta! juu yetu, na mrija ukaanza kunyanyuka.